Kikokotoo, akaunti binafsi au pensheni jamii: nani humlipia nani uzeeni?

Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa, kama aliwahi kuchangia mfuko wowote, au kama ana watoto wenye uwezo. Bibi yangu mzaa baba, aliyesuka makuti ujana wake wote na kulima mwani utu uzima wake katika kijiji kimoja cha kusini mwa Unguja, alikuwa miongoni mwa waliopanga foleni siku za mwanzo. Alizipokea noti mbili za elfu kumi, akazikunja, akazifunga kwenye pindo la kanga, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakuuondoa mkono wake juu ya fundo lile. Mwanawe, ambaye ni baba yangu mdogo, ni mtumishi wa umma upande wa Bara na huchangia PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, kila mwezi. Binamu yangu anafanya kazi Mombasa, na mwajiri wake humkata mchango wa NSSF ya Kenya, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii.

Nyumba moja, basi, ina mifumo mitatu ya pensheni ambayo haifanani hata kidogo katika jambo ambalo ni nadra kulisikia likijadiliwa: fedha za uzeeni zinatoka mfukoni mwa nani na zinaingia mfukoni mwa nani. Mazungumzo yetu kuhusu pensheni karibu yote huanza na swali la "nitapata kiasi gani". Ni swali la haki, lakini halimsaidii mjumbe wa chama cha wafanyakazi, mwakilishi au mwananchi wa kawaida anayetakiwa kutoa maoni yake kuhusu mfumo upi uimarishwe na upi urekebishwe. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo.

Kabla ya kuingia ndani, inafaa kukumbuka kwamba pensheni haihamishi fedha kutoka kwa tajiri kwenda kwa maskini peke yake. Huhamisha pia kutoka kwa anayekufa mapema kwenda kwa anayeishi miaka mingi, kutoka kwa mfanyakazi wa leo kwenda kwa mstaafu wa leo, na mara nyingine kutoka kwa mkulima asiye na ajira kwenda kwa mwenye ajira. Kila mfumo una mielekeo yake, na baadhi ya mielekeo hiyo imejificha ndani ya hesabu.

Kikokotoo cha Tanzania Bara

Tangu mwaka 2018, mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ilipounganishwa, watumishi wa umma wa Tanzania Bara wako chini ya PSSSF na wafanyakazi wa sekta binafsi wako chini ya NSSF. Katika mifuko yote miwili mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Kwa utaratibu wa kawaida mfanyakazi wa sekta binafsi hukatwa asilimia 10 na mwajiri huongeza 10, ilhali mtumishi wa umma hukatwa asilimia 5 na serikali, kama mwajiri, hutoa 15. Mwanachama anapotimiza miezi 180 ya kuchangia na umri wa kustaafu, pensheni yake ya mwaka hupatikana kwa kuzidisha idadi ya miezi aliyochangia na wastani wa mshahara wa mwaka wa miaka yake mitatu bora kati ya kumi ya mwisho, kisha kugawanya kwa 580.

Kwa mtazamo wa haraka, kanuni hii, ambayo ndiyo inayoitwa kikokotoo, haimpendelei mtu yeyote. Mfagizi mwenye mshahara wa 300,000 na meneja mwenye mshahara wa 3,000,000, wakiwa wamechangia miezi ile ile, watapata pensheni zinazopishana mara kumi, kama mishahara yao ilivyopishana mara kumi. Mfumo hauna nia ya kupunguza pengo. Unalichukua lilivyo kazini na kulipeleka hadi kaburini. Wapo wanaoona hilo ni sawa kwa sababu kila mmoja amevuna kwa kiwango alichopanda, na hoja yao ingekuwa na nguvu kama kweli kila mmoja angevuna kwa kiwango alichopanda. Lakini sivyo hesabu inavyokwenda.

Chukua wafanyakazi wawili waliochangia miaka 30, yaani miezi 360. Wa kwanza ni dereva ambaye mshahara wake umesimama pale pale kwenye 600,000 kwa miaka yote. Wa pili ni ofisa aliyelipwa 400,000 kwa miaka 20 ya mwanzo, kisha akapanda cheo na kulipwa 1,000,000 kwa miaka 10 ya mwisho. Ukijumlisha mishahara yao ya maisha, kila mmoja amepata shilingi 216,000,000, na kila mmoja amechangiwa asilimia 20, ambayo ni shilingi 43,200,000. Tena michango mingi ya dereva iliingia mapema, kwa hiyo ilipata muda mrefu zaidi wa kuwekezwa. Sasa weka kikokotoo. Pensheni kamili ya dereva, kabla ya kuondoa mkupuo, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa yote mara moja mtu anapostaafu, ni takriban shilingi 372,000 kwa mwezi. Ya ofisa ni takriban 621,000. Wamechangia sawa, lakini mmoja anampita mwenzake kwa karibu shilingi 250,000 kila mwezi mpaka mwisho wa uhai wake.

Tofauti hiyo inatoka kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo umejazwa na madereva, walinzi, wahudumu wa mapokezi na wauguzi wasaidizi ambao mishahara yao haikupanda sana. Kutumia miaka mitatu bora badala ya wastani wa maisha yote ya kazi kunamaanisha kwamba mwenye mshahara tambarare anamlipia mwenye mshahara uliopaa, na kwa kawaida aliyepaa ndiye aliyesoma zaidi na mwenye uwezo zaidi. Mwelekeo wa fedha hapa ni wa kupanda mlima. Sidhani kama kuna aliyekaa mezani akapanga iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyo, na anayetaka kuutetea mfumo huu anapaswa kuitetea na hesabu hii.

Wasiofikisha miezi 180 wako mahali pabaya zaidi. Hawa ni vibarua wa viwandani ambao mikataba yao hukatika kila msimu, wanawake walioacha kazi kulea au kuuguza, na wafanyakazi wa makampuni ambayo waajiri wake walikata michango lakini hawakuiwasilisha. Wao hupewa malipo ya mkupuo na kuondoka, bila pensheni ya kila mwezi. Walikuwa ndani ya mfumo kwa miaka kumi au zaidi, wakatoka bila kile ambacho mfumo uliundwa kukitoa.

Mjadala mkubwa wa kikokotoo nchini haukugusa lolote kati ya hayo. Kanuni za mwaka 2018 zilipopunguza mkupuo wa baadhi ya watumishi hadi asilimia 25, kelele zilikuwa kubwa hata Rais Magufuli akazisitisha kanuni hizo mwezi Desemba mwaka huo huo. Kuanzia Julai 2022 mkupuo ukawekwa asilimia 33 kwa wote, na bajeti ya 2024 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Siwalaumu wafanyakazi kwa kung'ang'ania mkupuo, kwa sababu nao una siri yake ya mgawanyo. Kila shilingi ya pensheni ya mwaka inayogeuzwa kuwa mkupuo hulipwa kwa shilingi 12.5. Ukiweka kando faida ya kuwekeza, maana yake ni kwamba aliyestaafu na miaka 60 akafariki kabla ya kufikisha 72 na nusu amenufaika na mkupuo mkubwa, na anayevuka hapo angefaidika zaidi na pensheni ya kila mwezi. Mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote anajua mwili wake umechoka kiasi gani, na anapodai fedha zake mapema anajaribu tu kukwepa kumlipia mwenzake atakayefikisha miaka 90.

Kikokotoo si lazima kiwe hivi. Marekani, ambako ndugu zetu wengi hukatwa mchango wa hifadhi ya jamii kila wanapolipwa, hutumia wastani wa miaka 35 bora, ukiwa umerekebishwa kulingana na kupanda kwa mishahara nchini, kisha huupindisha kwa makusudi. Kwa anayetimiza miaka 62 mwaka 2024, dola 1,174 za mwanzo za wastani wa mwezi huhesabiwa kwa asilimia 90, zinazofuata mpaka 7,078 kwa asilimia 32, na zilizobaki kwa asilimia 15. Mwenye wastani wa dola 1,000 anapata 900, na mwenye wastani wa dola 7,000 anapata takriban 2,921, wote wakisubiri umri kamili wa kustaafu. Mshahara umepishana mara saba, pensheni imepishana mara tatu na kidogo. Sehemu ya nafuu hiyo hupotea kwa sababu wenye kipato kikubwa kwa kawaida huishi miaka mingi zaidi na kulipwa muda mrefu zaidi, lakini angalau kanuni yenyewe inamwelekea mnyonge. Kikokotoo chetu kinaweza kuandikwa upya kwa mtindo huo bila kugusa asilimia hata moja ya mchango.

Kuna jambo la mwisho kuhusu mfumo huu, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Ile asilimia 15 ya serikali kwa watumishi wa umma ni fedha za kodi. Kabla ya Julai 1999 watumishi hao hawakuwa wakichangia kabisa, na deni la miaka hiyo limekuwa likilipwa na Hazina, ikiwamo kwa hatifungani maalumu isiyo taslimu (hati ya deni la serikali badala ya fedha mkononi) ya shilingi trilioni 2.17 iliyotolewa kwa PSSSF. Mkulima wa mahindi wa Songea, ambaye hana pensheni na hataipata, hulipa kodi ya ongezeko la thamani kila anaponunua sabuni au kuweka vocha ya simu, na sehemu ya fedha hizo huishia kwenye mafao ya mtumishi anayemzidi kipato. Baba yangu mdogo ameifanyia umma kazi kwa uaminifu na anastahili pensheni yake. Ila mkulima yule naye ameilisha nchi, na Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF huwafikia wazee walio katika kaya zilizochaguliwa, lakini kuchaguliwa kuwa maskini hakumpi mtu haki ya uzee.

Akaunti binafsi ya Kenya

NSSF ya Kenya imejengwa kwa fikra nyingine. Kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa shilingi 200 za Kenya kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200, kiasi kile kile kwa mpishi na kwa mkurugenzi. Sheria ya mwaka 2013, iliyoanza kutekelezwa Februari 2023 baada ya kesi ndefu mahakamani, ilibadilisha hilo kuwa asilimia 6 ya mshahara kwa kila upande, ikiwa na kikomo kinachopanda kwa hatua. Kuanzia Februari 2025 kikomo hicho kilikuwa mshahara wa 72,000. Michango huingia kwenye akaunti ya jina la mwanachama, huongezewa riba, na kile kilichomo ndicho kitakacholipwa.

Dereva na ofisa wa mfano wetu wangekuwa Kenya, dereva angetoka na fedha zaidi kidogo, kwa sababu michango yake ingeanza kuvuna riba mapema. Huo ndio uzuri wa akaunti binafsi: hakuna anayemwibia mwenzake kimyakimya. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayemsaidia mwenzake pia. Aliyelipwa kidogo atazeeka na kidogo, na aliyefanya kazi kwa vipindi atakuwa na akaunti yenye mashimo. Binamu yangu akiniuliza kama mfumo wake ni wa haki, humjibu kwamba ni wa haki kama mizani ya dukani ilivyo ya haki: inapima ulichoweka, basi.

Lakini mgawanyo upo, ila umehamia kwenye kodi. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024 mfanyakazi wa Kenya anaweza kuondoa michango yake ya pensheni, hadi shilingi 30,000 kwa mwezi, kwenye kipato kinachotozwa kodi. Mwenye mshahara wa 600,000, anayetozwa asilimia 32.5 kwenye sehemu ya juu ya kipato chake, akichangia kiasi hicho chote anapunguziwa kodi ya shilingi 9,750 mwezi huo. Mwenye mshahara wa 24,000 au chini yake hatozwi kodi ya mshahara, hivyo hapunguziwi chochote. Serikali hiyo hiyo humlipa mzee asiye na pensheni shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, mpango wake wa posho za wazee. Msamaha wa kodi kwa ajili ya uzee wa mtu mmoja mwenye mshahara mnono unakaribia posho za wazee watano. Hautangazwi kwenye hotuba za bajeti kama ruzuku, wala hapangwi foleni kuupata, lakini kwa Hazina ni fedha zile zile.

Pensheni ya wazee wote

Mfumo wa Zanzibar, ambao ndio pensheni jamii, hauna kikokotoo wala akaunti. Una umri, ukaazi na kiasi. Fedha hutoka kwenye bajeti ya serikali, na kiasi kilibaki 20,000 mpaka mwaka 2023 kilipopandishwa hadi 50,000.

Mtu husema kwamba kumpa kila mzee kiasi sawa, tajiri na maskini, si ugawaji wa kipato hata kidogo. Nilifikiri hivyo pia mpaka nilipoiandika hesabu kwenye karatasi. Tuseme kodi inayogharamia pensheni hii inachukua asilimia 2 ya matumizi ya kila mtu. Mwenye kutumia 200,000 kwa mwezi anatoa 4,000, na mwenye kutumia 5,000,000 anatoa 100,000. Wote wawili wakifika miaka 70 wanapokea 50,000. Wa kwanza ameongezewa robo ya matumizi yake, na wa pili ameongezewa asilimia moja huku akiwa ametoa mara mbili ya anachopokea. Kiasi sawa kinacholipwa kutokana na kodi isiyo sawa kinahamisha fedha kwa nguvu zaidi kuliko kikokotoo chochote tulichokiona, na hakihitaji kamati ya kijiji kuamua nani ni fukara.

Mfumo huu ndio pekee unaomfikia mkulima wa mwani, mvuvi, mama ntilie na mwanamke aliyelea wajukuu bila mshahara. Kwa kuwa wanawake huishi miaka mingi zaidi na wengi wao hawakuwahi kuwa na ajira rasmi, humfaidi mwanamke kuliko mfumo wowote wa kuchangia. Na fedha hazibaki kwa mzee: bibi yangu alikuwa akitoa sehemu yake kwa daftari la mjukuu na sehemu kwa nauli ya daladala ya kwenda hospitali, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa na kitu cha kumpa mgeni bila kuazima kwa jirani.

Kenya ilifika hapo kwa njia ndefu. Malipo yake kwa wazee yalianza mwaka wa fedha wa 2006/07 kwa kuwachagua maskini zaidi, na mwaka 2018 yakafunguliwa kwa kila aliyetimiza miaka 70 asiye na pensheni nyingine. Kumwondoa mwenye pensheni ni kichujio chepesi, ambacho hakihitaji kupima umaskini wa mtu kwa kuhesabu mabati ya paa lake, na ningeweza kukikubali pale ambapo bajeti ni finyu.

Kasoro za pensheni jamii ni mbili, na zote ni kubwa. Ya kwanza ni umri. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema vivyo hivyo, ilhali malipo yanaanza miaka kumi baadaye. Wanaofariki ndani ya miaka hiyo kumi wamelipa kodi maisha yao yote kwa ajili ya wenzao walioishi, na kwa kawaida maskini ndiye anayetangulia. Ya pili ni kiasi kusimama. Noti mbili za 2016 hazikununua mchele ule ule mwaka 2022, na zile 2,000 za Inua Jamii zimekaa miaka mingi bila kubadilika huku unga ukipanda bei. Mfumo unaotegemea bajeti ya kila mwaka unaweza kunyauka bila mtu yeyote kuufuta. Mfumuko wa bei humrudishia Hazina kidogo kidogo kile alichopewa mzee.

Upi uchaguliwe

Anayejali zaidi mtu asiyewahi kuwa na hati ya mshahara, na kwetu hao ndio wengi, hana pengine pa kwenda isipokuwa pensheni ya wazee wote. Mimi ningeitanguliza, na ningeitaka Bara pia, kwa sharti la kuwa na sheria inayopandisha kiasi kila mwaka kufuata bei za bidhaa, na ratiba ya kushusha umri kutoka 70 kuelekea 65 kadiri bajeti inavyoruhusu. Kama kuna uhaba wa fedha, ningeanza na umri mkubwa kwa wote kabla ya kukubali kuchuja maskini.

Kwa wenye ajira, uchaguzi ni kati ya akaunti na kikokotoo, na hapa jibu linategemea kama kikokotoo kitarekebishwa. Kikibaki na miaka mitatu bora, mwenye mshahara mdogo usiopanda ana usalama zaidi kwenye akaunti, japo haimpi bima ya kuishi miaka mingi. Kikihamia kwenye wastani wa maisha yote ya kazi, uliorekebishwa kwa mfumuko wa bei, na kikawekewa mteremko kama ule wa Marekani, kitakuwa bora kuliko akaunti kwa karibu kila mfanyakazi wa kawaida, kwa sababu kitamlipa mpaka siku yake ya mwisho na kitambeba aliyelipwa kidogo. Hilo ndilo ningewaomba wajumbe wa vyama vya wafanyakazi walipeleke mezani safari ijayo, kabla ya asilimia ya mkupuo.

Na kwa Mkenya anayeulizwa maoni kuhusu misamaha ya kodi ya pensheni, swali ni rahisi kulipima kwa shilingi: nafuu ya mwenye 600,000 ikipunguzwa kwa 4,000 tu kila mwezi, bado atabaki na nafuu ya 5,750, na wazee wawili wa Kilifi au Turkana watapata 4,000 kila mmoja badala ya 2,000.